Petroli ya Pipa Jekundu

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Dina alivua sare yake, akaikunja vizuri, akala makande yaliyobaki mchana, kisha akatoka kwenda kumsaidia kaka yake Sefania kwenye pampu ya mafuta. Pampu hiyo ilikuwa mbele ya nyumba yao, kando ya barabara kuu inayopita Same kwenda Moshi. Nchi ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na pampu za siku hizo hazikutumia umeme. Sefania alisukuma mpini mbele na nyuma mpaka petroli ikapanda na kujaa kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokuwa juu, kisha akaifungulia ishuke ndani ya tangi la gari. Dina alifuta vioo vilivyojaa vumbi na kuwaletea madereva maji ya kuongeza kwenye rejeta.

Pampu ilikuwa mali ya mwenye duka mmoja, na aliyekabidhiwa kuiendesha alikuwa baba yao, Mzee Melkizedeki. Aliwafundisha wanawe kwamba petroli ni za aina mbili. Ya kawaida ilitoka kwenye pampu, na ndiyo iliyotumiwa na mabasi na malori ya mkonge. Ya pili iliitwa supa. Hiyo ililetwa kwa treni kutoka Tanga ndani ya mapipa mekundu, na walioinunua walikuwa watu wachache wenye magari ya injini kali.

Mwezi ule supa ilikwisha na nyingine haikuletwa. Pipa moja la kuhifadhia petroli ya kawaida likaanza kuvuja, basi baba akaihamishia petroli yake katika pipa jekundu lililokuwa tupu.

"Msije mkasahau," aliwaambia Sefania na Dina. "Pipa ni la supa, lakini kilichomo ni petroli ya kawaida. Nikirudi nitalipaka rangi nyingine."

Alisema hivyo akiwa ameshika mfuko wa safari. Alikuwa anakwenda Ngujini kwenye msiba wa rafiki yake. Mama yao alikuwa mjamzito, lakini siku zake zilikuwa bado, na shangazi yao Priska alikuwapo nyumbani kumwangalia. Baba akaondoka bila wasiwasi.

Siku iliyofuata Dina aliporudi kutoka shuleni hakukuta makande wala moto jikoni. Shangazi Priska alikuwa chumbani na mama, na mlangoni alisimama Bwana Asheri, mganga wa zahanati, akijifuta jasho.

"Shikamoo," Dina alimsalimu, huku akijaribu kuchungulia ndani.

"Marahaba, mwanangu. Kaka yako yuko wapi? Mwite upesi."

Sefania alikuja mbio. Bwana Asheri hakuwaficha kitu.

"Uchungu umemshika mama yenu mapema, na mtoto amelala kukingama tumboni. Hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Anahitaji daktari wa upasuaji, na daktari yuko Moshi. Nimetuma mtu bomani kuomba gari, lakini limempeleka Bwana Shauri, yule mkuu wa boma, huko Ndungu. Treni nayo imekwisha kupita. Simameni barabarani. Gari lolote litakalotokea, lizuieni."

Ndugu wale wawili wakasimama juani. Barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Ng'ombe walipita, akapita mtu mwenye baiskeli, lakini gari halikuonekana. Kila mara sauti ya mama ilipotoka dirishani, Sefania alikunja ngumi na Dina akafumba macho.

Hatimaye ukasikika mngurumo kutoka upande wa Tanga. Sefania aliutambua kabla gari halijaonekana.

"Ni Bwana Salimu!" alisema.

Bwana Salimu alikuwa dereva wa Tanga, mwenye gari dogo la buluu. Wiki iliyokuwa ikifuata alikuwa aingie katika mashindano makubwa ya magari, na kwa siku kadhaa alikuwa akipita na kurudi ili aizoee barabara. Sefania alilijua gari lile kama anavyolijua shati lake. Mafundi walikuwa wameichonga injini yake ili ibane mafuta kwa nguvu zaidi, na kwa sababu hiyo lilikimbia kuliko magari mengine ya ukubwa wake. Lilikunywa supa tu.

Gari lilisimama lenyewe karibu na pampu, bila kuzuiwa.

"Shikamoo, Bwana Salimu," walisema wote wawili.

"Marahaba. Supa ipo? Tangi langu karibu linakauka."

Badala ya kujibu, Sefania alimweleza habari za mama. Alisema haraka haraka, maneno yakigongana. Bwana Salimu alisikiliza, akasikia na sauti iliyotoka dirishani, akavua kofia yake.

"Nitampeleka," alisema. "Mgonjwa haachwi. Lakini niambieni, supa ipo?" Akaangaza macho huku na huku mpaka yakatua kwenye pipa. "Naam, naona pipa jekundu pale. Hiyo ni supa?"

"Ndiyo," Sefania alijibu. "Ni supa. Nikujazie?"

Dina aliganda. Alimtazama kaka yake, na kaka yake akamkazia macho ya kumwambia anyamaze. Dina alielewa. Bwana Salimu akijua ukweli, huenda akasema gari lake la mashindano haliwezi kunywa petroli ya malori. Atageuza, au ataondoka zake polepole kutafuta supa mbele, na mama atabaki chumbani akilia. Neno moja tu lilihitajika, na Sefania alikwisha kulisema. Yeye alitakiwa anyamaze tu.

Lakini mtu yule alikubali kumbeba mama yao kabla hata hajajua kama atapata mafuta. Hakuuliza atalipwa nini. Dina aliona haya kumwacha mtu wa namna hiyo adanganywe mbele ya macho yake.

"Si supa," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, akarudia. "Bwana Salimu, hiyo si supa. Baba aliweka petroli ya kawaida katika pipa la supa. Supa imekwisha kabisa."

"Dina!" Sefania alifoka, na machozi yakamlengalenga. "Unataka mama afe?"

Bwana Salimu alilitazama pipa, akamtazama Sefania, kisha akamgeukia Dina.

"Kwa nini umeniambia?"

"Kwa sababu umekubali kumbeba mama yangu."

Bwana Salimu alivuta pumzi, akafungua boneti ya gari na kumwita Sefania asogee.

"Usilie, kijana. Shika bisibisi hii. Ungenijazia petroli hii nami nikaamini ni supa, ningekanyaga mafuta kama ninavyokanyaga siku zote, tena zaidi kwa sababu nina mgonjwa. Injini hii inabana sana. Petroli ya kawaida ikibanwa hivyo inalipuka kabla ya wakati wake. Ingegonga, ingechemka, na kabla ya kufika mbali pistoni ingetoboka. Tungekwama porini na mama yenu ndani ya gari."

Sefania aliinamisha kichwa. Bwana Salimu alikuwa ameinama tayari, akilegeza skrubu ya kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi.

"Lakini sasa najua. Nikikizungusha hiki kidogo hivi, moto utachelewa kuwaka na injini haitagonga sana. Itapungua nguvu. Na mimi nitaiendesha kwa upole, kama mtu aliyebeba mayai. Kwa namna hiyo itatufikisha. Haya, jaza!"

"Na mashindano yako?" Sefania aliuliza, mkono ukiwa kwenye pampu ya pipa. "Injini ikiharibika?"

"Mashindano ni wiki ijayo. Mama yenu ni leo."

Walimbeba mama kwa shuka, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Shangazi Priska. Sefania alibaki kulinda nyumba na kumsubiri baba. Bwana Salimu alimwambia Dina akae mbele.

"Unaiona saa hii ndogo? Inaonyesha joto la injini. Macho yangu yatakuwa barabarani. Mshale ukikaribia alama nyekundu, niambie papo hapo."

Wakaondoka. Gari lililozoea kuruka likaenda kwa mwendo wa basi. Milima ya Upare ilibaki mkono wa kulia, ikisogea polepole mno machoni pa Dina. Kila walipopanda kilima injini ilianza kugonga, mlio mkavu kama mahindi yanayotikiswa ndani ya debe, na Bwana Salimu akapunguza mafuta na kurudisha gia mpaka mlio ukaisha. Nyuma, Shangazi Priska alimwomba Mungu kwa Chasu, lugha yao ya Kipare, kwa sauti ya chini.

Walipopita Lembeni, Dina aliuona mshale ukipanda. Akisema, gari litasimama, na mama alikuwa ameanza kunyamaza kwa namna iliyomtisha kuliko kilio. Aligeuka akamwona mama amefumba macho, midomo imekauka. Akageuka tena kwenye saa.

"Bwana Salimu, mshale umekaribia nyekundu."

"Umefanya vizuri," alijibu, akaliegesha gari chini ya mgunga.

Dina hakuwahi kuona muda mrefu kama ule. Bwana Salimu alifungua boneti, akalowesha gunia na kulitandaza mbele ya rejeta, akasubiri injini ipoe. Dina alimpa mama maji kwa kijiko. Mama aliyameza, akamshika mkono.

"Mbona tumesimama?" aliuliza kwa shida.

"Gari linapumzika, mama. Tutaondoka sasa hivi."

Mshale ulishuka, Bwana Salimu akaongeza maji, wakaendelea. Hawakusimama tena. Jua lilikuwa halijazama walipoingia Moshi na kusimama mbele ya hospitali. Wauguzi walitoka na machela, na mama akapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji.

Bwana Salimu angeweza kuondoka wakati ule. Hakuondoka. Aliwanunulia Dina na shangazi chai na mkate, kisha akaketi nao kwenye benchi, mikono yake ikiwa bado myeusi kwa grisi. Muuguzi alipotoka akicheka na kusema kwamba mama yuko salama na mtoto ni wa kike, Shangazi Priska alipiga vigelegele mpaka wagonjwa wakachungulia. Dina alimshika Bwana Salimu mkono kwa mikono yake miwili, akainama. Bwana Salimu akampangusa machozi kwa kona ya kofia.

Baba aliporudi Same, aliyemweleza yote ni Sefania mwenyewe, pamoja na uongo aliousema. Baba hakumchapa. Alimtuma alipake rangi pipa lile siku ileile, kisha wakapanda treni pamoja kwenda kumwona mama.

Injini ya gari la buluu ilifunguliwa na fundi wa Moshi. Pistoni zilikuwa zimeanza kuungua pembeni, lakini hakuna iliyotoboka. Bwana Salimu alipoteza siku zake za mazoezi, na katika mashindano hakuwa wa kwanza wala hakukaribia kuwa wa kwanza. Alimaliza, na gari lake lilimaliza, na alisema hilo lilimtosha.

Mama alipopata nguvu na kurudi nyumbani, familia ilimwalika Bwana Salimu. Baba alinunua mbuzi, akamwomba jirani yao Mzee Iddi amchinje ili mgeni ale bila shaka. Ndugu za mama waliteremka kutoka Myamba na mikungu ya ndizi. Baada ya kula, Sefania alisimama mbele ya mgeni.

"Bwana Salimu, nilikudanganya. Naomba unisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe pale pale penye pipa," alijibu Bwana Salimu. "Na mimi nina mama."

Ndipo mama, akiwa na mtoto kifuani, akawaita Sefania na Dina wakae karibu naye.

"Wanangu, nataka niwaambie kitu. Nilipokuwa nimelala katika gari lile nilisikia injini ikienda taratibu, nikakata tamaa. Nilisema moyoni, dereva huyu hana haraka na maisha yangu. Nilikuwa sijui kwamba ule upole ndio uliokuwa unaniokoa. Sefania, ulisema uongo kwa kunipenda, nami sina kinyongo nawe. Lakini mtu anapokuja kutusaidia tusimfiche hali yetu, hata ikiwa tunaogopa atatuacha. Tukimwambia kweli, atajua namna ya kutusaidia. Tukimdanganya, tunamfunga macho halafu tunamkabidhi usukani."

Akamgeukia Dina, akamwekea mtoto mikononi.

"Mshike mdogo wako," alisema. "Asante, mwanangu. Mimi na huyu tuko hapa kwa sababu ulisema kweli."

Dina alimpokea mtoto kwa uangalifu, akamsogeza karibu na Sefania ili naye amwone.