Mluzi Kwenye Ekzosi

Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi zote. Baba mdogo alikunywa chai akiwa amesimama, akajipangusa mikono kwenye suruali, akamwambia mkewe gari ataliangalia kesho. Haya sikusimuliwa na mpita njia. Yalimpata mdogo wake baba yangu wa kuzaliwa, na mengine niliyaona kwa macho yangu haya.

Baba mdogo alikuwa fundi magari, tena fundi haswa. Watu walimletea magari yaliyowashinda wengine. Yeye aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, akatega sikio kwenye mpini wake, kisha akautaja ugonjwa kama daktari. Lakini kinyozi hajinyoi. Gari lake mwenyewe, la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo, lililonizidi umri, lilikuwa linachemsha wiki ya pili sasa. Alilinunua mwaka aliooa. Hawakujaliwa mtoto, basi mama mdogo akaliita gari lile "binti yetu." Likikataa kuwaka alisema, "Mbembeleze mwanao, leo kanuna."

Mama mdogo alikuwa na pumu. Asubuhi hiyo, chai haijapoa, kifua kikambana. Dawa ya kupuliza haikusaidia. Baba mdogo akambeba, akamlaza kiti cha nyuma, akashika njia ya hospitali.

Njia hiyo hupanda kilima kirefu chenye tangi la maji kileleni. Katikati ya mwinuko sindano ya joto ikagonga mwisho, mvuke ukafumuka chini ya boneti, gari likazima. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, barabara haina mtu. Alipiga simu, akaahidiwa gari linakuja. Akachukua dumu, akakimbia kutafuta maji. Aliporudi, mama mdogo alikuwa ameshakata roho.

Hivyo ndivyo tulivyoelezwa msibani. Tukamzika, tukalia, tukarudi makwetu. Mimi nilibaki, maana baba mdogo hakuwa na wa kumpikia.

Siku ya tatu baada ya maziko alilifungua gari. Alizibua rejeta. Akabadilisha themostati, pampu ya maji, mkanda wa feni. Akafungua injini mpaka juu, akaweka gasketi mpya. Akaijaza maji, akaiwasha, ikanguruma uani saa nzima bila sindano kutikisika.

Kesho yake akaenda nalo kilimani. Akarudi anavutwa kwa kamba.

"Limechemsha," aliniambia. "Palepale."

Rafiki yake, fundi wa kuchomelea, akaja kumsaidia. Huyo alikuwa mcheshi wa kuchekesha hata maiti, lakini siku ile hakucheka. Waliipima rejeta kwa upepo: haivuji. Walikagua moshi, kama maji yanaingia kwenye injini na kuungua: moshi msafi. Jambo moja tu lilionekana. Ekzosi, bomba la kutolea moshi, ilikuwa imeunguzwa na moto mpaka chuma kimegeuka rangi. Baba mdogo akasema ni taimingi. Cheche ya plagi ikichelewa, mafuta humalizia kuungua kwenye ekzosi. Akairekebisha. Gari likatembea vizuri mjini kote.

Likapelekwa kilimani. Likachemsha.

"Na kuna mluzi," baba mdogo alisema jioni hiyo, sahani ya chakula imepoa mbele yake. "Likianza kupanda nasikia mluzi. Ekzosi inavuja mahali."

Fundi wa kuchomelea akaishusha ekzosi yote, akaziba ncha moja, akapuliza upepo, akaizamisha kwenye pipa la maji. Haikutoa hata povu moja. Aliirudisha, akafunga boliti, akanivuta pembeni.

"Shemeji yangu alikuwa anapumua vipi akibanwa na pumu?" akaninong'oneza.

Niligeuka nikalitazama gari. Alikusanya vyuma vyake akaondoka, na hakukanyaga tena uani kwetu.

Jumanne iliyofuata baba mdogo akaniomba niende naye. Alitaka sikio la pili. Nikakaa mbele, kushoto kwake, macho kwenye sindano. Tulipita sokoni, tukapita shule, watoto wakilipungia mkono gari la zamani. Sindano katikati. Tukaanza kupanda.

Mluzi ukaanza.

Ulikuwa mwembamba. Ulivutwa, ukakatika. Ukavutwa tena.

"Unasikia?"

"Nasikia, baba mdogo."

"Unatoka mbele au nyuma?"

Nilitega sikio.

"Nyuma."

"Nyuma wapi? Chini ya gari?"

"Hapana," nikanong'ona. "Nyuma yako."

Sindano ilipanda kama iliyosukumwa kwa kidole. Mvuke ukafumuka. Gari likazima, na injini ilipozima mluzi haukuzima. Ekzosi gani hupiga mluzi gari limezimwa? Nikageuka. Kiti cha nyuma hakikuwa na mtu. Lakini ngozi yake ilikuwa imebonyea. Ikabonyea zaidi. Ikainuka kidogo. Ikabonyea.

Nilifungua mlango nikaangukia barabarani. Nikaona ekzosi chini ya gari. Ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, mchana kweupe.

"Nakwenda kutafuta maji!" nilipiga kelele, nikashika dumu.

"Usiende!"

Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. Alikuwa ameshashuka. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, mkono umeshika kitasa, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Siku ile alinishika shati," alisema. "Alinishika hapa. Akaniambia, 'Usiniache peke yangu, mume wangu. Gari litakuja.' Nikamvua vidole, kimoja kimoja. Nikamwambia narudi sasa hivi. Mimi fundi, mwanangu. Niliona injini, sikumwona mtu."

Akafungua mlango, akaingia nyuma, akaketi. Akanyoosha mkono, akauzungusha hewani, taratibu, kama anayemfunika mgonjwa.

"Nipo," akanong'ona. "Sasa siendi."

Nilisimama barabarani nimekumbatia dumu tupu. Mluzi ukalegea. Ukawa mrefu, ukawa mpole. Wekundu wa ekzosi ukafifia ukawa kijivu. Sikutia tone la maji. Alipokuja mbele na kugeuza ufunguo, gari liliwaka mara moja, sindano imelala chini. Hatukwenda mbele. Aligeuza tukarudi nyumbani polepole, na njia nzima alikiinamisha kioo cha ndani kutazama kiti cha nyuma.

Hakuliendesha tena. Alilegesha boliti, akaitoa injini, akaitoa ekzosi, akavigawa kwa mafundi wenzake. Gari likakaa juu ya matofali kando ya ukuta. Kila siku saa nne, mvua au jua, aliingia kiti cha nyuma upande wa kulia, akafunga mlango. Nilimsihi tuliuze kama chuma chakavu.

"Nani atakaa naye?" alijibu.

Alikonda. Akaacha kazi. Mwezi wa nne baada ya msiba, asubuhi moja, saa sita ilifika hajatoka. Nikaenda kumwita. Alikuwa ameegemea kona yake, amefumba macho, mkono umenyooshwa juu ya kiti. Nilimgusa shavu. Baridi.

Ndipo nilipokiona kioo cha dirisha la pili, upande wa kushoto. Jua lilikuwa la utosi, gari limefungwa, ndani joto la tanuri. Kwenye kioo kile, kimo cha uso wa mtu aliyeketi, palikuwa na ukungu, duara dogo kama linaloachwa na pumzi. Duara likakua. Likapungua. Likakua.

Tulimzika ubavuni kwa mkewe. Nilijipa moyo kwamba wamekutana, na yamekwisha. Niliosha vioo vyote kwa sabuni, nikavikausha kwa kitambaa.

Sasa ni mwaka wa pili. Ukungu huja kila siku saa nne, dirisha la kushoto, unakua na kupungua, unakua na kupungua, haraka zaidi kuliko zamani. Na kila siku mimi huzunguka gari nikalitazama dirisha la kulia, alikokuwa akikaa baba mdogo. Hulitazama mpaka macho yaume.

Kioo chake ni kikavu.