Dakika Arobaini za Kuwaka

Mara ya kwanza kompyuta ilipochelewa kuwaka, hakuna aliyejali. Ilikuwa ya mtumba, na vitu vya mtumba vina mambo yake. Mama alibonyeza kitufe, akaenda kukoroga chai, akarudi na kukuta duara bado linazunguka kwenye skrini. Dakika nne. Alipogeuka kumhimiza binti yake amalize mkate, alimkuta ameshika kikombe karibu na mdomo, macho wazi, hapepesi. Mtoto huyo aliitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, na sasa alikuwa amenyamaza kabisa. Skrini ilipofunguka, akanywa chai yake na kuendelea na hadithi palepale alipoiachia.

Mama akajiambia mtoto anaota mchana. Sisi wazazi tuna kipaji cha kujidanganya.

Wiki ya pili zikawa dakika kumi na moja. Wiki ya tano, arobaini, na chumba kizima kikinuka nywele zilizoungua. Lakini mama huyo aliishi kwa kuchapa barua na kujaza fomu za watu, kwa hiyo kila asubuhi aliiwasha. Jumapili moja akaamua basi, akauchomoa waya ukutani. Siku hiyo Kasuku hakuamka. Mwili ulikuwa na joto, pumzi zinakwenda vizuri, daktari akapima na hakuona kitu, lakini hata aliposuguliwa kifua hakutikisa kope. Saa kumi jioni mama aliurudisha waya huku analia, akabonyeza kitufe, na baada ya dakika arobaini mtoto akapiga miayo na kuuliza kwa nini hajaamshwa.

Mganga akaitwa. Alikuwa mwanamke mchache wa maneno. Alinusa kibodi, akaweka kiganja juu ya mashine kama anayepima homa.

"Jini hajaingia bado," alinong'ona. "Yumo humu, anajipima kwa mtoto. Anachelewa kwa sababu hatoshei."

"Niivunje?"

"Ukiivunja sasa utamvunja na mwanao. Nipe siku saba nijiandae, nitamtoa taratibu. Mpaka hapo msimsaidie kwa lolote. Na asitokee mtu wa kumkaribisha."

Siku saba! Nani angeweza? Siku ya tatu mashine ilichukua saa moja na nusu. Siku ya nne mama hakuiwasha. Alimfunga Kasuku mgongoni akiwa amelala hivyohivyo, akakumbatia mashine kifuani, akaenda kwa kaka yake.

Kaka alikuwa fundi wa kompyuta. Watu walimwita Bisibisi, maana alikuwa na mtindo wa kuweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Mdogo wake akamsimulia yote, na maneno ya mganga pia.

"Kaka, iwashe haraka tu. Nakuomba. Siombi kingine."

"Mdogo wangu, kompyuta ikichelewa kuwaka ni diski imechoka. Jini gani huyo akubali kukaa kwenye chuma?"

Alisema hivyo, kisha akasikiliza. Diski ilikwaruza, ikagonga, ikakwaruza. Chini ya mlio huo kulikuwa na mwingine, wa kucha zinazoparura mlango bila haraka. Akatoa bisibisi sikioni, akajaribu kujicheka, kicheko hakikuja.

Akapiga hesabu zake. Ataweka diski mpya, ya kisasa, isiyozunguka. Jini kama yupo abaki kwenye chuma chake. Lakini akamwangalia mpwa wake aliyelazwa kwenye kochi, akaogopa. Je, akiweka diski tupu, mtoto ataamka na nini? Basi akafanya kile mafundi wote hufanya wasipotaka kupoteza kitu: akanakili diski nzima kama ilivyo, mpaka sehemu zinazoonekana hazina kitu. Saa tatu zikapita hivyo.

Mashine ikaikataa diski mpya. Skrini nyeusi, maandishi meupe: hakuna diski. Akabadilisha waya, akabadilisha tundu, ikakataa tena, na kwenye kochi mdogo wake alikuwa anasugua miguu ya mtoto akisema "amka mama, amka mama yangu," na ile harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kujaa karakanani ingawa diski ya zamani ilikuwa imeshachomolewa na kuwekwa mezani peke yake, na Bisibisi, jasho likimwingia machoni, akafungua mipangilio ya mashine, akakagua mstari mmoja baada ya mwingine mpaka akaufikia ule unaoiambia mashine izungumze vipi na diski, akaona umewekwa kwa zile za kizamani, akaubadilisha, akawasha.

Sekunde tisa. Kila kitu kikafunguka.

Na kwa furaha, kama alivyozoea kwa miaka kumi na tano kila mashine inapokubali diski mpya, Bisibisi akaipigapiga mgongoni na kusema, "Haya, karibu nyumbani."

Harufu ikakatika. Kasuku akaketi, mgongo umenyooka.

"Asante, fundi," akasema.

Mama hakusikia neno hilo, alikuwa anamkumbatia na kulia kwa furaha. Bisibisi alilisikia. Tangu mtoto ajue kusema, alikuwa anamwita mjomba.

Walipoondoka, diski ya zamani ikagonga mezani. Haikuwa na waya hata mmoja. Alijikaza, akaweka ncha ya bisibisi juu yake na mpini sikioni.

"Mjomba? Mjomba, mbona mmeniacha? Huku kuna baridi. Mjomba, jino langu linatikisika, nilitaka kukuonyesha..."

Akampigia mganga simu, akamweleza yote.

"Umeshamkaribisha," mganga akasema. "Kumtoa sasa ni mpaka mama mwenyewe atamke kwa kinywa chake kwamba huyo si wake."

Bisibisi alikimbia njia nzima, diski ndani ya shati. Alimkuta Kasuku mezani, anakunywa chai bila kumwaga tone.

"Mama," mtoto akasema bila kugeuka, "muulize fundi kama ameshaifuta ile ya zamani."

Bisibisi akaweka ncha juu ya diski, akamwekea dada yake mpini sikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu, na machozi yakamshuka mpaka kidevuni.

"Sema, mdogo wangu," kaka akanong'ona. "Sema tu huyu si wako. Yule anakungoja."

Mama akatazama mezani. Mtoto aliweka kikombe chini, akatabasamu, akamnyooshea mikono. Wiki nzima mama hakuwa ameona tabasamu hilo.

"Nyamaza, kaka."

"Umemsikia!"

"Sisikii kitu." Akachukua sweta dogo lililokuwa mgongoni mwa kiti, akaizungushia diski mara mbili, akafunga mikono ya sweta kwa fundo, akamrudishia. "Ila usiiweke penye baridi."