Robo Iliyofutwa

Wenzake shuleni walimpa jina la Kinyaa, na jina hilo lilimkaa kama nguo ya kupimwa. Maji yakiwa na kipande cha unyasi, hayanywi. Mtu akipiga chafya upande wa pili wa darasa, yeye huku anajifuta shavu. Hata daftari la jirani likiwa na doa la mafuta alilisogeza kwa ncha ya kalamu.

Kila siku baada ya masomo alipitia duka la dawa za mifugo la shangazi yake ili warudi nyumbani pamoja. Duka lile lilikuwa mateso kwake. Lilinuka dawa ya minyoo, manyoya ya mbwa walioloa na kitu kingine ambacho hakutaka kukijua. Kabla hajagusa kompyuta ya kaunta alitoa kitambaa mkobani, akafuta kibodi kitufe kwa kitufe, uso umekunjamana kama aliyelamba shubiri.

"Hiyo ni pumba tu, mwanangu," mhudumu wa duka alimwambia. "Haiumi."

Mhudumu huyo, ambaye wateja walimwita Mama Kaunta, alikuwa amezoea kuuza vyakula vya kuku upande wa pili wa duka. Upande wa dawa alikuwa mgeni, na alifanya kila kitu kama alivyoelekezwa.

Shangazi mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo hodari, lakini mwandiko wake, loo! Ulikuwa kama kuku aliyetoka matopeni akapita juu ya karatasi. Wateja walirudi kila mara kuuliza bahasha ya vidonge inasema nini. Ndipo Kinyaa, aliyekuwa amejifunza kuandika programu katika klabu ya kompyuta shuleni, akajitolea kumtengenezea programu ya kuchapa vibandiko. Shangazi aliandika faili lenye jina la kila dawa, aina ya mnyama na kipimo. Programu ilisoma faili, ikapanga maneno, ikachapa.

Waliijaribu nyumbani, kwenye kompyuta ya nyumbani. Shangazi alikagua vibandiko kimoja baada ya kingine, miwani imeshuka hadi ncha ya pua.

"Mtoto wa kaka yangu, umenitoa aibu," alisema. "Kesho iweke dukani."

Kesho yake shangazi aliitwa kwenda kumzalisha ng'ombe, kwa hiyo Kinyaa aliiweka programu peke yake. Kompyuta ya dukani haikuwa kama ya nyumbani. Ilitumia mfumo endeshi mwingine. Hilo halikumshughulisha. Programu ni ileile, faili ni lilelile, alijiambia, akabonyeza.

Kibandiko cha kwanza kikatoka: *Dawa ya minyoo ya ngâ€™ombe.*

"Kefule!" Kinyaa alirudisha mkono kama aliyeshika konokono.

Mama Kaunta alichungulia. "Huyu ng'ombe ameumwa na nini shingoni?"

Vibandiko vingine vilikuwa vivyo hivyo. Katikati ya maneno masafi yaliyopangwa vizuri kulikuwa na vijidudu: herufi zenye kofia, mikia na alama ambazo hazikuwa na maana yoyote. Kinyaa alihisi anawashwa mwili mzima. Ilikuwa kama kufunua sufuria ya wali ukakuta nzi wameuzungukia. Hakutaka kujua wametoka wapi. Hakutaka hata kuwatazama. Alitaka watoke.

Akafungua programu na kuongeza mstari mmoja: kila alama ambayo si herufi ya kawaida, si tarakimu, si nukta wala mkato, ifutwe. Akachapa tena. *Dawa ya minyoo ya ngombe.* Kulikosekana kialama kidogo juu ya ng'ombe, basi. Nani atakufa kwa hilo?

Kibandiko kingine kilisomeka hivi: *Kidonge , asubuhi na jioni.* Pale kabla ya mkato palikuwa na pengo. Sauti ndogo ilimuuliza: kwani hapo palikuwa na nini? Lakini pengo lenyewe lilimkera, kama jino lililong'oka, na Mama Kaunta alikuwa anangoja kufunga mlango. Akaongeza mstari wa pili wa kuziba mapengo. *Kidonge, asubuhi na jioni.* Safi kabisa. Akashusha pumzi.

Jioni shangazi aliuliza, "Imekubali?"

"Imekubali, shangazi. Kulikuwa na uchafu kidogo, nimeusafisha."

Shangazi alikuwa amechoka, mikono inamuuma. Hakuuliza ni uchafu gani.

Wiki ikaenda vizuri. Wateja walisifu vibandiko. Kisha alasiri moja mshona nguo wa mtaa wa nyuma akaingia mbio amekumbatia beseni. Ndani ya beseni alilala mtoto wa mbwa, ulimi nje, miguu inatetemeka. Alikuwa amejitapikia mwili mzima. Matapishi yalikuwa ya manjano yenye utelezi, na harufu yake ilifika kwenye kaunta kabla ya mwenye beseni.

Kinyaa aliziba pua na kurudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Daktari, mwanangu anakufa!" mshona nguo alilia. "Nimempa dawa kama mlivyosema!"

"Umempa kiasi gani?" shangazi aliuliza huku tayari amevaa glovu.

"Kidonge asubuhi, kidonge jioni."

"Kidonge kizima? Huyu ni wa robo! Robo!" Shangazi alimgeukia Mama Kaunta, macho yamewaka. "Ulimwambia nini huyu mama?"

"Nilimsomea kilichoandikwa, daktari."

"Niliandika robo! Nimeandika kwa mkono wangu! Wewe hukusoma, ulikuwa unapiga soga."

"Wallahi, daktari, nilisoma..."

"Usiniapie. Vua koti, nenda nyumbani. Tutazungumza kesho."

Mama Kaunta alianza kufungua vifungo vya koti jeupe. Kifungo cha pili kikakataa. Alionekana kama mtu anayejiuliza kama kweli alisoma vibaya.

Kinyaa alisogea kwenye kompyuta. Akafungua faili la shangazi, akatafuta dawa ile. Palikuwa pameandikwa: *Kidonge Â¼, asubuhi na jioni.* Herufi yenye kofia, na nyuma yake, wazi kabisa, robo. Ilikuwapo muda wote. Yeye ndiye aliyeifuta, kisha akaziba hata pengo lililobaki.

Kilichompanda kooni safari hii hakikutokana na matapishi. Alijiona yeye mwenyewe ndiye kitu kichafu kuliko vyote mle ndani: mikono yake iliyofutwafutwa, kucha zake safi, na mtu mzima anayevua koti kwa kosa lisilo lake. Angeweza kunyamaza. Angeweza kurekebisha programu sasa hivi, na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo lilimfikia, na akalichukia kama angemchukia panya aliyempitia mguuni.

"Shangazi," alisema. "Si yeye. Ni mimi. Kibandiko hakikuwa na robo. Programu yangu iliifuta."

Shangazi alikuja akatazama kioo cha kompyuta. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Ni dawa ngapi zina robo au nusu kwenye faili hili?" aliuliza.

"Nyingi, shangazi."

"Basi hatuna muda wa kulia. Mama Kaunta, vaa tena koti lako, tafadhali. Chukua simu. Kila aliyenunua dawa wiki hii apigiwe: asimpe mnyama kitu hadi azungumze na mimi. Wewe, njoo unishikie huyu mbwa."

Kinyaa alimshika. Mbwa alikuwa moto, mwepesi, anateleza. Shangazi alipotafuta mshipa, mbwa alitapika tena, na sehemu ikaingia kwenye kiganja na mkono wa sare ya shule. Machozi yalimtoka Kinyaa, akageuza uso pembeni, akakaribia kutapika mara mbili, lakini hakuachia. Maji ya dawa yalipoanza kushuka kwenye mpira wa dripu, alichukua kitambaa chake mwenyewe, akamfuta mbwa mdomo, kifua na miguu, kisha akafuta sakafu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Kile kinyaa hakikuisha, bado kilimpanda kila alipovuta hewa, ila safari hii hakukikimbia.

Mama Kaunta alipiga simu hadi sauti ikakauka. Wateja wote walipatikana isipokuwa fundi saa mmoja aliyenunua dawa ya paka. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama Kaunta alimshika Kinyaa mkono, wakaenda kwa miguu hadi kibandani kwake. Walimkuta ameshamkamata paka, amemfunga kwa taulo, kidonge kizima kiko katikati ya vidole.

"Acha!" Kinyaa alipiga ukelele. Fundi alishtuka, paka akachomoka, kidonge kikadondoka.

Waliporudi dukani, mtoto wa mbwa alikuwa ameinua kichwa na kuanza kulamba ukingo wa beseni.

Siku iliyofuata Kinyaa alimpelekea mwalimu wa kompyuta vibandiko vya mwanzo, vile vyenye vijidudu, pamoja na programu yake. Mwalimu alisoma ile mistari miwili ya kufuta na kuziba, akakunja uso.

"Unajua mimi ni kitu gani kinanitia kichefuchefu?" aliuliza. "Ni hiki hapa. Mtu kufuta asichokijua, kisha akapaka rangi juu."

Kinyaa aliinamisha kichwa. "Zile alama zilikuwa zinachukiza, mwalimu."

"Hazikuwa uchafu. Sikiliza. Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Ili namba ziwe herufi, lazima kuwe na jedwali la kuzisomea. Kompyuta ya nyumbani iliandika ile robo kwa namba mbili, kwa jedwali linaloitwa UTF-8. Ya dukani hukuiambia itumie jedwali gani, ikachukua la kwake la zamani. Katika hilo, kila namba ni alama yake peke yake. Ndiyo maana robo ikaja imebandikwa herufi yenye kofia, na kile kialama cha ng'ombe kikawa alama tatu."

"Kwa hiyo hakuna kilichoharibika?"

"Hakuna. Faili lilikuwa zima. Lilisomwa vibaya tu. Tena robo yenyewe ilikuwa inaonekana hapo hapo, ungetazama."

Waliketi pamoja wakairekebisha. Ile mistari miwili iliondolewa. Mahali pake Kinyaa aliandika waziwazi kwamba faili lisomwe kwa UTF-8, na kila kinachoandikwa kiandikwe kwa UTF-8, kompyuta iwe ya nani na mfumo uwe wowote. Kisha mwalimu akamtaka aongeze jambo moja: programu ikikutana na kitu isichoweza kukisoma, isikifute wala isikibahatishe, isimame na iseme. Waliijaribu kwenye kompyuta mbili tofauti za shule, halafu dukani.

Safari hii shangazi alikagua kila kibandiko dukani kwenyewe, Mama Kaunta akiwa pembeni yake. Alikuwa amebadilisha faili pia: baada ya kila ¼ aliandika neno *robo*. Alipomaliza, aliweka miwani mezani na kumgeukia mhudumu wake.

"Jana nilikuhukumu kabla sijasoma kibandiko. Nisamehe."

"Yamekwisha, daktari," alisema Mama Kaunta. "Ila na mimi nikiona ng'ombe ameumwa shingoni tena, nitakupigia simu hukohuko uliko."

Shangazi alicheka, kisha akamtazama Kinyaa, na kicheko kikapungua.

"Kuchukia uchafu si kosa, mwanangu. Mimi nataka watu wa aina hiyo kwenye dawa. Kosa lako ni kwamba kinyaa kilikufanya ugeuze macho, na aliyegeuza macho hawezi kujua anatupa nini. Ukikuta kitu usichokielewa, kikodolee macho, uliza, ndipo uamue. Na kosa likishatokea, liseme siku hiyohiyo. Jana ungenyamaza hata saa moja, yule paka angekuwa amekwisha."

"Nimeelewa, shangazi."

"Kama umeelewa, mshona nguo yuko mlangoni na mbwa wake. Mchapie kibandiko kipya, umsomee mwenyewe kwa sauti, kisha umwombe radhi."