Mwamuzi Hasemi Mpaka Aulizwe

Duka la miwani lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, kila mtu akitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake. Mpima macho, dada wa gauni la njano na ulimi mwepesi, alimkalisha kitini kaka mmoja mrefu, shati lake la kijivu limepigwa pasi likanyooka.

"Soma mpaka unapoweza."

Akausoma ubao wote, hata zile herufi za chini ambazo wengi huzibahatisha.

"Kaka, macho yako mazima kuliko yangu. Umefuata nini hapa?"

"Mimi ni mwamuzi wa besiboli. Jana uwanja mzima uliniita kipofu. Nikasema nihakikishe."

Dada alicheka mpaka foleni ikageuka kumtazama. Jioni ile walikunywa chai pamoja, na tangu hapo simu zao hazikupoa.

"Mwamuzi wangu, umekula?"

"Nimekula, Daktari."

"Umenikumbuka?"

"Sana."

Kwamba kila neno tamu la mwanamume huyu lilitoka baada ya kuulizwa, dada hakulitilia maanani. Alimpenda, basi.

Kisha bosi wake akamtaka akasimamie duka jipya katika mji wa mbali, jibu alitoe Ijumaa. Akampigia mpenzi wake.

"Hongera," mwamuzi alisema.

"Hongera tu?"

"Ni kazi nzuri."

Dada akamkatia simu. Neno alilolitaka lilikuwa moja: baki.

Jumapili alikwenda uwanjani, maana mdogo wake ndiye aliyekuwa mrushaji wa mpira. Mchezo ulipokaribia kwisha, mpinzani mmoja alizunguka mbio besi zote, vile vituo vinne vya kukanyaga, hadi ya mwisho iitwayo nyumbani, akaipa timu yake alama ya ushindi. Mdogo mtu na wenzake wakatoka vichwa chini. Mwamuzi alibaki amesimama, akiwatazama kana kwamba anangoja kitu.

"Ulikuwa unangoja nini?" dada alimuuliza getini.

"Yule mkimbiaji aliiruka besi ya pili. Hakuikanyaga."

"Uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza!"

"Ndiyo sheria. Kosa hilo mwamuzi halisemi mpaka timu ya pili ilalamike. Wangeuliza kabla ya kutoka uwanjani, ile alama ningeifuta."

"Mdogo wangu analia, kumbe jibu unalo! Na mimi je? Nitahama mji huku umesimama hivyo hivyo ukinitazama?"

Mwamuzi alipofungua mdomo, dada alikuwa ameshavuka barabara. Simu zake hazikupokelewa.

Nyumbani, mdogo mtu alishangaa kumkuta dada yake amevimba kwa hasira. Alipoelezwa yote, akasema, "Dada, kosa letu. Timu ina wachezaji tisa. Angetuambia, angekuwa mchezaji wetu wa kumi. Kwani wewe umemuuliza kama anataka uende?"

"Mimi nianze kuuliza?"

"Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Alimtupia mto, lakini ukweli alikuwa ameupata. Aliogopa jibu, ndiyo maana hakuuliza. Je, akiambiwa nenda?

Ijumaa, kabla ya kwenda kutoa jibu kazini, alivaa gauni jekundu akapita katikati ya uwanja mbele ya wachezaji waliokuwa wakijinyoosha. Mwamuzi alikuwa ameinama, akifuta vumbi kwenye besi ya nyumbani.

"Nina swali."

Akasimama. "Uliza."

"Niende au nibaki?"

"Baki." Hakuvuta hata pumzi. "Baki nikuoe."

Dada akamsogelea. "Neno hilo unalo tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Kazi ni yako. Sikutaka kuegemea upande. Na niliogopa."

"Kumbe tuliogopa wawili! Sasa sikiliza, bwana. Hapa uwanjani nyamaza upendavyo. Kwangu wewe si mwamuzi, ni mchezaji. Ukiwa na neno, litoe."

"Na wewe hujanijibu."

"Nitabaki, na utanioa. Haya, sema."

Mwamuzi akavua kinyago cha chuma kilichomkinga uso, akamshika mkono, akaanza. Alisema gauni jekundu limemkaa vizuri. Alisema siku zile bila simu yake chakula hakikupanda. Alisema mama yake anamjua dada kwa sifa tangu zamani na kila siku anauliza ataletwa lini. Maneno yalimtoka hata mwenyewe akayashangaa.

Mdogo mtu akaja mbio, mpira mkononi. "Shemeji, tunakusubiri tuanze."

"Subirini," alisema mwamuzi, asiuachie mkono. "Bado sijamaliza."