Mkate Usio na Chumvi

Jumamosi ile dukani hapakuwa na pa kutia mguu. Mishahara ilikuwa imetoka jana yake, vitoroli vinagongana, watoto wanalilia biskuti, na mbele ya rafu ya unga alisimama mwanamke mmoja aliyevaa gauni la bluu la mikono mirefu, miwani ya fremu nyembamba puani, pakiti ya hamira mkononi. Alikuwa ameisoma mbele, akaisoma nyuma, sasa anaisoma ubavuni.

"Hiyo imekufa," sauti ya mwanamume ikasema.

Akageuka. Mwenye sauti alisimama mbali, kwenye rafu ya sabuni, hatua tano nzima. Mrefu, shati la kijivu lililonyooka kwa pasi, barakoa imemficha nusu ya uso. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakicheka.

"Nini kimekufa?"

"Hiyo hamira. Tazama tarehe yake. Ukiitia kwenye unga utasubiri mpaka uote mvi."

Akatazama. Kweli, ilikuwa imepitwa na miezi minne. Yeye kazi yake ilikuwa kusaga lenzi na kuzitia kwenye fremu katika duka la miwani, na siku nzima alishinda na watu wasioona kilicho mbele ya pua zao. Mtu wa kusoma herufi ndogo vile kutoka kule alikuwa hajamwona.

"Umeionaje kutoka huko?"

"Sikuiona. Pakiti za rangi hiyo zote ni za zamani, wanazirudisha rafuni kila mara. Chukua ile nyekundu, ya nyuma."

Akaichukua. Kisha, bila kujua kwa nini anamweleza mtu asiyemjua, akamweleza. Baba yake ana ugonjwa wa figo. Daktari amesema chumvi basi, na mkate wa dukani una chumvi. Na baba bila mkate na chai ya asubuhi huwa si baba, ni mgeni amekaa kwenye kiti cha baba. Kupika anapika, lakini mkate hajawahi kuoka tangu azaliwe.

Yule mwanamume akasikiliza mpaka mwisho.

"Chumvi ndiyo inayoitia hamira adabu," akasema. "Ukiiondoa, unga unaumuka kwa pupa halafu unaanguka. Hamira tia nusu, na usiuache peke yake muda mrefu. Mkate huo ni mgumu hata kwa sisi wenye kazi."

"Kazi ipi?"

"Naoka mikate. Miaka kumi na minne sasa. Wenzangu wananiita Hamira."

"Mbona husogei, Hamira? Mimi siumi."

"Nina mafua," akasema, akarudi nyuma hatua moja zaidi, akampa namba ya simu kwa sauti, tarakimu moja moja, huku watu wakipita katikati yao.

Jumapili fundi miwani akapima kila kitu kwa mizani, gramu kwa gramu, kama anavyopima kazini. Akakanda mpaka mabega yakauma. Akafunika bakuli kwa kitambaa, akaenda kuoga. Aliporudi akapiga simu.

"Umeumuka?" Hamira akauliza.

"Uliumuka. Sasa umemwagika, umeshika meza na kitambaa changu kizuri."

"Uliuacha muda gani?"

"Karatasi ya maelekezo imesema saa moja."

"Karatasi ina chumvi, wewe huna. Haya, ukusanye, uoke hivyo hivyo."

"Utatoka nini?"

"Kitu. Siwezi kukuahidi jina lake."

Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Kilichotoka kilikuwa bapa, kichungu kidogo, kizito kama kiatu kilicholowa. Baba yake, aliyekuwa refa wa mpira kwa miaka ishirini kabla miguu haijaanza kuvimba, akakata kipande, akakichovya, akatafuna kwa subira.

"Hii ni kadi ya njano, mwanangu," akasema. "Endelea na mchezo."

Kila Jumapili basi ikawa simu. Kisha kila jioni. Kisha hata mchana, yeye akiwa na lenzi kwenye mashine, simu imebanwa begani.

"Umekula, Fundi wangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nashiba nikisikia sauti yako."

"Basi utakufa njaa, mpenzi, maana sasa nafanya kazi."

Walikutana kwenye kibanda cha chai karibu na kituo cha mabasi, wakatembea kwenye bustani ya manispaa, wakanyeshewa siku moja wakajibana chini ya mwavuli mmoja mdogo mpaka mvua ikakatika, na ilipokatika hakuna aliyeukunja. Bila barakoa alikuwa na uso mpole na mwanya mbele. Mikono yake ilikuwa mipana, na ilipokosa cha kushika ilikanda hewa.

Lakini nyumbani kwa fundi miwani Hamira hakuja. Kila alipoalikwa siku ya mkate, alikuwa na zamu. Kila Jumapili, zamu.

"Ni ghorofa ya pili tu," alimwambia. "Baba anataka kukuona. Mimi nataka unishike mikono nikikanda, unionyeshe."

"Nitakuja, mpenzi."

"Lini?"

"Nitakuja."

Mkate nao ulikataa kujulikana. Wiki hii unapanda upande mmoja, wiki ijayo unachanika juu na ndani ni mbichi. Lenzi ikimkataa, alijua kosa liko nyuzi ngapi na analiondoaje. Unga haukumwambia kitu. Akaona hana budi amfuate mwalimu kazini kwake. Alhamisi moja akaomba ruhusa, akavaa blauzi ya manjano ambayo Hamira aliwahi kuisifu, akaenda hadi kwenye kiwanda cha mikate alichokuwa akikitaja.

Mama mmoja mnene wa kaunta alimtazama kwa huruma.

"Hamira? Ana miezi mitano hajakanyaga hapa."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe, dada. Hayo si ya kusemea kaunta."

Akatoka nje, akasimama kwenye mlango, harufu ya mkate ikimzunguka, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini, mpenzi."

"Kazini wapi?"

"Si unajua. Kwenye mikate."

"Nipo hapa kwenye mikate. Sikuoni."

Upande wa pili ikasikika honi ya gari, na mtu akiuliza nafasi ya kuegesha.

"Fundi, nisikilize."

"Una mke?"

"Sina."

"Basi nini?"

Alimpa nafasi ya kujibu. Akahesabu kimoyomoyo hadi kumi, akaongeza tano. Aliposikia anavuta pumzi tu na haongei, akakata simu. Aliporudi nyumbani akaivua ile blauzi, akaisukuma chini kabisa ya kabati.

Wiki tatu hakupokea simu zake. Aliiona simu inaingia, akaigeuza kifudifudi. Jumapili alioka peke yake, vibaya. Na baba akazidi kupungua: viatu havimwingii tena, usoni amekonda. Daktari alitazama majibu ya damu akasema miezi michache ijayo itabidi awekwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Fundi miwani aliuliza nini kifanyike ili mashine isifike. Daktari akasema, "Endelea na hivyo mnavyofanya," na wote watatu wakatazama sakafu.

Jumapili ya nne alikuwa anakanda wakati mlango ulipobishwa. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia dirishani, vumbi la unga likielea ndani yake, na yeye alikuwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Baba akaenda kufungua.

"Shikamoo, mzee," akasikia. "Mimi ndiye Hamira."

"Marahaba. Kumbe una sura. Ingia, yuko jikoni, ana hasira."

Akaingia bila barakoa, koti jeusi limefungwa vifungo vyote kama mtu anayekwenda kuposa. Akapiga hatua tatu ndani ya jiko.

"Nimekuja kukueleza," akasema. "Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikimaliza."

Hakumaliza. Alikohoa mara moja, akakohoa tena, kisha kikohozi kikakataa kuondoka. Kifua kikaanza kupiga mluzi. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kitu kidogo cha bluu, kikamponyoka kikaingia chini ya meza. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi.

Fundi miwani akamrukia. Akamshika mabegani, akamkumbatia, akamfuta uso kwa viganja vyake, akimwita, "Hamira, mpenzi, nini, una nini," na kadiri alivyomshika ndivyo alivyozidi kukosa hewa. Yule mwanamume akamsukuma. Akamsukuma kweli, kwa mikono yote miwili, na hata katika hofu ile, hilo lilimchoma.

"Mwachie," baba akasema mlangoni. Sauti ilikuwa ile ya uwanjani. "Unga umekujaa mwili mzima. Unamuua. Rudi nyuma."

Akarudi nyuma mpaka ukutani. Mzee akainama kwa shida, akaiokota ile dawa ya kuvuta, akamshika Hamira kwapani, na kwa miguu yake iliyovimba akamburuta hadi nje, kwenye ngazi, akafunga mlango nyuma yao. Binti alibaki jikoni na mikono yake imenyooka mbele, asijue aiweke wapi. Upande wa pili wa mlango alisikia dawa ikipulizwa, mara moja, mara mbili, mluzi, kimya, mluzi tena. Hakuweza hata kwenda kuangalia. Akateleza chini akakaa sakafuni kwenye unga, akalia.

Baadaye, alipokwisha kunawa na kubadili nguo, alifungua mlango kidogo. Hamira alikuwa ameketi ngazi kumi chini, ameegemea ukuta. Baba alikuwa ameketi katikati yao, anahema.

"Ni pumu," Hamira akasema, bila kunyanyua kichwa. "Inawapata waoka mikate, si wote. Wengine kama mimi. Miaka yote hiyo nimevuta unga, sasa kifua kimesema hapana. Daktari alinipa kuchagua, nikaacha kazi. Nakata tiketi kwenye maegesho ya magari."

"Na siku ile dukani?"

"Nilikwenda kuuangalia tu. Unga. Kwa mbali."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alichelewa kujibu, lakini safari hii fundi miwani alimsubiri.

"Ulinipigia simu ukiniuliza mambo ya mkate. Kila siku. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiuliza. Niliona nikikuambia, nitabaki mkata tiketi mwenye pumu, na wewe utaniuliza habari za magari."

Akataka kucheka, akashindwa.

"Mimi naweza kuacha mkate," baba akasema.

"Huwezi," wote wawili wakajibu.

Na hapo ndipo walipokwama. Huyu hawezi kuishi bila mkate wa nyumbani, na yule hawezi kuvuta hewa ya nyumba unamookwa mkate huo. Walizungumza mpaka miguu ya baba ikamlazimu kurudi ndani. Akande kwa jirani? Jirani ana mtoto mchanga. Anunue? Hakuna anayeuza usio na chumvi. Kila walichokitaja kilikuwa na ukuta nyuma yake.

"Nenda nyumbani upumzike," hatimaye akamwambia. "Usiku nitakupigia."

"Utanipigia?"

"Nimesema nitakupigia."

Jumapili iliyofuata Hamira aliketi kwenye benchi ng'ambo ya barabara, barakoa usoni, simu sikioni. Juu, madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Fundi miwani aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, sauti imefunguliwa.

"Weka mizani mbali," Hamira akamwambia. "Maji tia kidogo kidogo. Unga unashikaje?"

"Unanata."

"Unanata kama gundi au kama kiganja chenye jasho?"

"Kiganja chenye jasho."

"Basi acha, usiongeze unga. Kanda. Usiupige, mpenzi, haujakukosea. Usukume, ukunje, ugeuze."

Alikanda. Alipochungulia dirishani aliona mikono ya Hamira, simu ameibana begani, inasukuma, inakunja, inageuza, juu ya mapaja yake. Watu waliopita walimtazama.

"Bonyeza kwa kidole. Unga unafanya nini?"

"Unarudi. Polepole."

"Sasa. Tia kwenye oveni sasa hivi, usingoje."

Ulipoiva, hakushuka nao mara moja. Alipangusa meza, sakafu na kingo za dirisha kwa kitambaa kibichi, akafunga nguo alizokandia kwenye mfuko, akaoga, akaosha nywele mara mbili. Akamkatia baba kipande chake. Kisha akashuka na mkate umefungwa kwenye taulo safi, nywele zinadondosha maji mgongoni mwa gauni.

"Huu uko salama kwako?"

"Ukishaiva haunidhuru. Mbichi ndio adui."

Akaupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa umeinama upande, ganda limeungua kidogo pembeni. Akaugonga chini kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akaumega, akabonyeza ndani, ukanywea, ukarudi. Alitazama hivyo muda mrefu bila kula.

"Umeoka mkate, Fundi," akasema.

"Tumeoka."

"Mimi nilikuwa barabarani."

Hamira akashusha barakoa, wakala, kisha akairudisha. Haukuwa na chumvi, na bila chumvi mkate una utamu wa ajabu unaokuja ukiwa umeshamaliza kutafuna.

"Nataka kukuoa," Hamira akasema. "Nimelifikiria wiki nzima na sioni tutaishije. Siku za mkate nitakaa wapi? Baba akianza mashine utahitaji mtu wa kukusaidia ndani, na mimi ndani siwezi. Kazi yangu unaijua. Sina hata jibu moja la kukupa."

"Na mimi sina."

"Basi?"

"Nioe hivyo hivyo."

Akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania, alikuwa na makombo kwenye kidevu na macho yamemjaa. Fundi miwani akasogea kwenye benchi mpaka mabega yakagusana. Hamira akashusha barakoa. Akainamia zile nywele zilizolowa, akavuta pumzi kwa uoga, kidogo kwanza, kama mtu anayejaribu maji ya moto kwa ncha ya kidole. Kulikuwa na sabuni tu. Akavuta tena, na hewa ikaingia yote.