Senti Nyuma ya Fyuzi

Mzee Stanley Pruchnik walimkuta ghorofa ya juu, nyuma ya mlango wake, vidole bado vimeshika kitasa. Moshi ulimmaliza kabla moto haujamfikia. Ilikuwa saa moja asubuhi, mjini Buffalo, Marekani, mwezi wa pili wa baridi kali, na maji ya zimamoto yalikuwa yameshaganda kwenye ngazi.

Kufikia saa nne polisi walikuwa na mhalifu wao: Loretta Tubbs, mpangaji wa chini, mpishi wa shule. Kosa lake? Aliwasha hita ya umeme kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hakutaka kuipasha joto. Kesi ya kuua bila kukusudia ilikuwa inamsubiri. Maskini akishapatikana, nani ahangaike kutafuta zaidi!

Inspekta Geraldine Wojcik wa idara ya moto alihangaika. Moto ulianzia ndani ya ukuta wa jikoni kwa Loretta, na hita ilikuwa chumbani, nzima kabisa. Waya ndio ulioungua.

"Uliwasha nini na nini, Bi Tubbs?"

"Hita na maikrowevu. Kama kila siku." Loretta alikuwa amevimba macho. "Nimemuua Mzee Stan, sivyo? Sema tu."

"Subiri kwanza. Fyuzi haikukatika?"

"Zamani ilikuwa inakatika kila nikiwasha vyote viwili. Nikamlalamikia mwenye nyumba mpaka akachoka. Kabla ya Krismasi ikaacha. Ikakatika mara moja tu tena, baada ya mwaka mpya. Akaja mtu akashuka chini, taa zikarudi."

"Mtu gani?"

"Nilikuwa kazini. Nilimpigia simu mwenye nyumba asubuhi kabla ya kutoka, nikarudi nikakuta taa zinawaka."

Vernon Kessler, mwenye nyumba, alifika na koti la manyoya na hasira za kujifanya. Alifungua mwenyewe kufuli la chumba cha chini ya ardhi. Moto haukufika huko.

"Nimewaambia mara ngapi hao watu, hakuna hita!" alifoka. "Na kama kuna madudu humu, muulize Dewey Marsh, fundi wangu. Mlevi yule. Nilimfukuza kabla ya Krismasi nikamnyang'anya ufunguo palepale. Sasa ninao mimi peke yangu."

Wojcik alielekea kwenye sanduku la fyuzi. Alizima umeme, akaizungusha fyuzi ya jikoni kama balbu mpaka ikatoka. Nyuma yake, ndani ya tundu, kulikuwa na sarafu ya senti moja. Ule ujinga wetu wa tangu enzi za babu: fyuzi ikisumbua, tia senti. Aliichomoa kwa koleo. Chini yake tundu lilikuwa na tone la kijivu lililoyeyuka likagandia.

Mchana alimkuta Dewey Marsh kwenye baa, mbele ya kikombe cha kahawa.

"Uliweka senti?"

Dewey aliinamisha kichwa. "Moja. Aliniamuru. Nikamwambia, bosi, nyaya hizi ni za miaka ya arobaini, tubadilishe. Akanifukuza kesho yake. Nitie pingu, Inspekta, nastahili."

"Senti ya mwaka gani?"

"Mpya. Ilikuwa mfukoni."

Saa kumi jioni Wojcik aliwakusanya wote watatu chini ya ardhi, na askari mmoja mlangoni.

"Volti mia na ishirini ndizo zinazosukuma," alisema. "Hita inavuta ampea kumi na mbili na nusu, maikrowevu kumi. Jumla ishirini na mbili na nusu, kwenye waya mmoja wa ampea kumi na tano. Mkondo ukizidi, ukinzani wa waya unaugeuza kuwa joto. Fyuzi imewekwa iungue kwanza, kabla ya ukuta. Senti haiungui hivyo kirahisi."

"Si nilisema! Dewey!" Kessler alidakia.

"Senti ya Dewey iliyeyuka. Senti za siku hizi ni zinki iliyopakwa shaba. Hilo tone ndilo senti yake, na ndiyo iliyozima taa baada ya mwaka mpya. Hii niliyochomoa ni ya mwaka sabini na tatu, karibu shaba tupu. Kuna mtu aliona ya kwanza imeungua, akaitafuta ngumu zaidi. Wakati huo Dewey hakuwa na ufunguo. Nani alikuwa nao, Bwana Kessler?"

Kessler alimtazama askari mlangoni.

"Mnunuzi wa nyumba anakuja mwezi wa nne," alisema kwa sauti ndogo. "Ningebadilisha nyaya, mji ungeleta wakaguzi, wangepasua kila ukuta. Nilitaka ifike masika tu. Kwani wangapi wanaweka senti? Ni yeye na hita lake!"

"Hita ingekata fyuzi, mzee wewe!" Wojcik alipaza sauti mpaka askari akageuka. "Wangekaa gizani wakakutukana, na Stanley Pruchnik angeamka leo! Uliiona imeyeyuka. Uliiona kwa macho yako, ukaongeza!"

Pingu zilifungwa. Dewey naye alipelekwa kuandikisha maelezo, na hakubisha.

Loretta alibaki ameegemea ukuta wenye maji. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kisha hasira ikampanda, akapiga ngumi ukuta.

"Ile siku taa ziliporudi, nilimpigia simu mshenzi yule," alisema. "Nikamwambia asante."