Faili ya Ndirangu Niliyoogopa Kuifungua

"Ooko, ni mimi. Fungua."

Sikufungua.

Ilikuwa saa nane mchana, Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, kule mtaa wa Langas, Eldoret. Moshi umejaa mtaani, vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakiwaulizia watu wa kabila la rafiki yangu Ndirangu. Mimi Mjaluo hawakunitafuta, lakini aliyemficha mtu alichomewa nyumba. Nilijikunja nyuma ya mlango nikiwa nimejiziba mdomo, nikimsikia Ndirangu akihema upande wa pili.

Aligonga mara tatu... kisha nikasikia akiondoka.

Niiteni mwoga. Nimejiita hivyo miaka kumi na sita.

Ndirangu na mimi tulijenga mashine ya kuchonga mbao, kwenye workshop yetu nyuma ya ploti. Mota tulizitoa kwa photocopy zilizokufa, kompyuta ikawa ya mtumba. Unaandika jina kwenye kompyuta, mashine inalichonga yenyewe. Mpango ulikuwa mmoja: mimi mbao, yeye kompyuta.

"Ukigusa settings tutakuwa tunauza kuni," alikuwa akinitania kuhusu namba za mashine alizoziweka kwenye kompyuta.

Baada ya siku ile nilitupa laini yangu ya simu. Akinipigia ningemwambia nini? Na asipopiga je...? Mwishowe nikaamini walimuua.

Nikahamia mtaa wa Pioneer na mashine. Sikuoa. Nilichonga vibao vya makanisa na kula peke yangu mbele ya ile skrini. Mafundi wakiniambia niweke software mpya ya kuiendesha mashine, nilikataa. Kila asubuhi ikiwaka iliandika NDIRANGU & OOKO, na hiyo ndiyo salamu pekee niliyopata nyumbani mwangu.

Mwezi jana kompyuta ikaanza kuzima katikati ya kazi. Nikamwita Lorraine, fundi wa kompyuta.

"Mzee, hii imeenda, haitengenezeki. Tuweke software mpya kwa kompyuta ingine."

"Na yale majina yanayotokea ikiwaka?"

"Majina gani?"

Nikafuta vumbi la mbao kwenye skrini.

"Lakini nipe namba za zamani," akasema. "Mota inazunguka kiasi gani ndio isonge milimita moja. Bila hizo itachonga saizi yake yenyewe. Ziko kwa settings."

"Sijawahi kufungua."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Akafungua faili. Ndirangu alikuwa na mazoea: akibadilisha kitu, anaandika chini yake tarehe na sababu. Lorraine akashuka hadi mwisho, akatoa mkono kwenye kibodi.

"Mzee, kuja usome. Hii ni yako."

Tarehe ilikuwa ya siku iliyofuata ile aliyonigongea mlango.

"Ooko, nimelala workshop, si nina ufunguo. Sikuja kujificha kwako. Nilikuja kukuachia hizi namba kwa sababu wewe huzijui. Nilikusikia ukipumua. Hata mimi singefungua. Naenda kwa shangazi yangu kule Nyahururu. Nipigie mambo yakitulia."

Chini yake, namba ya simu.

Nililia mbele ya Lorraine bila aibu. Halafu nikapiga.

"Hello?" Sauti ya mwanamke kijana.

"Naomba Ndirangu."

"Baba alifariki mwaka jana. Nani anaongea?"

"Naitwa Ooko. Wa Eldoret."

"Ooko wa mashine?" akauliza. "Alituambia hii laini isizimwe. Alisema utapiga siku utabadilisha software, kwa sababu hapo ndipo utalazimika kufungua settings."

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao. Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua. Alichokosea ni kimoja tu: hakujua ningeogopa miaka kumi na sita.

Software mpya sasa inafanya kazi, kwa namba zake. Kitu cha kwanza ilichochonga ni msalaba wenye jina lake. Jumamosi naupeleka Nyahururu.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu unamwonea haya, mtafute leo. Mimi nilidhani kutogusa vitu vya Ndirangu ndiyo heshima. Kumbe mwenyewe alikuwa ameketi na simu, akingoja nivifungue.